Ndiyo na La za Mto Ruvu

Mlandizi, 20 Agosti 1938

Ndugu yangu Zahoro,

Marahaba. Barua yako Matano mchuuzi ameileta juu ya magunia yake ya nazi, imenukia nazi mpaka kwenye salamu. Sisi wazima. Mama mzima, ila goti. Mpunga tumevuna, ndege wametuachia kiasi.

Umesema baada ya Idd utakuja na lori kumchukua mama akakae nawe Kisarawe, kwa kuwa nyumba ya Mashaka ilianguka masika iliyopita na ya mama haiko mbali na pale. Nimemsomea. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso, akasema, "Mwambie lori lake lipakie mawe." Basi nimekufikishia.

Sasa nisikilize mimi. Ardhi hii ni ya bibi yake mama, na kwetu ardhi inafuata tumbo. Mama hajawahi kulala kwingine akalala vizuri. Ukimpeleka Kisarawe ukamkalisha barazani, atakufa kwa kukosa kazi kabla ya maji kumfikia. Lakini sitaki kushindana nawe kwa machozi, maana huna ubaya, unaogopa. Nami naogopa. Wewe na mimi sote tunauogopa mto ambao hatujui unapanda kiasi gani.

Hakuna aliyeupima. Ruvu ukifurika watu wanabeba watoto na vyungu, nani atabaki kuchomeka fimbo? Ukiwauliza wazee, mmoja anasema maji yalifika kiunoni, mwingine shingoni, na kila yakisimuliwa yanazidi kupanda. Liko jambo moja tu ambalo kila mwenye nyumba analijua bila kutia chumvi: masika fulani maji yalivuka kizingiti chake, au hayakuvuka. Ndiyo au la. Nataka kuuliza kila mlango, toka mtoni mpaka barabarani. Pimamaji na uzi wa marehemu Mbaraka ninavyo. Nilimshikia mume wangu uzi muda wote wa ndoa yetu, kazi yake ya uashi naijua. Nitapima kila kizingiti kimezidi au kimepungua kiasi gani kuliko jiwe la kutawadhia pale msikitini.

Wewe ni mwalimu wa hesabu. Niambie majibu nikishayapata niyafanyeje. Na lori lisubiri. Unisamehe herufi zangu za Kiarabu za chuoni, najua siku hizi umezoea za kizungu.

Dada yako,
Mwanaasha binti Hemedi


Kisarawe, 3 Septemba 1938

Dada Mwanaasha,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yangu hata kama hataki kuipokea.

Barua yako nimeisoma darasani huku watoto wakifanya hesabu za kugawanya, nikasahau kuwaruhusu waende kula. Jambo lako linawezekana. Fikiri hivi. Kila ndiyo inasema: mto ulikuwa juu ya hapa. Kila la inasema: mto ulikuwa chini ya hapa. Hakuna jibu hata moja litakalokuambia mto ulikuwa wapi hasa. Lakini ukiipanga milango kwa kimo, ukahesabu kwa kila mmoja masika ngapi zilisema ndiyo kati ya zile mwenyewe anazozikumbuka, utaona ndiyo zinapungua kadiri unavyopanda. Huko zinakopungua ndiko mto ulikojificha. Hutauona, ila utajua tabia yake: mara ngapi unafika hapa, mara ngapi pale.

Uliza watu wengi. Mtu mmoja anaweza kusahau, mtaa mzima hausahau kwa namna moja. Na usiulize maji yalifika wapi, maana hapo ndipo hadithi zinapoanzia. Uliza kizingiti tu.

Nakupa mpaka Idd. Mama naye aulizwe kama jirani mwingine yeyote. Nikiuona mlango wake umo katika milango inayoingiwa, nakuja kumchukua. Chumba nimeshakipata, kina dirisha. Usinione mkatili. Kila masika mvua ikipiga bati la shule nakosa raha mpaka Matano apite na habari zenu.

Mdogo wako,
Zahoro


Mlandizi, 24 Septemba 1938

Zahoro,

Marahaba. Nimeuliza mtaa mzima, nimechoka kukaribishwa uji. Watu wamenicheka kwanza, halafu wamenifuata. Hapa mwaka hautajwi kwa namba kama kwenu shuleni. Ni mwaka wa nzige, mwaka barabara ilipotiwa kokoto, mwaka fulani alipotoroka na mke wa fulani. Huo wa mwisho wanaume wanaukumbuka vizuri kuliko wote.

Ulivyosema ndivyo ilivyo. Milango ya chini kule kwa Mashaka, ndiyo karibu kila masika. Ya barabarani, la tupu. Katikati ndiko kwenye fujo. Mwanahalima, yule mjane rafiki yake mama, mlango wake uko chini ya mlango wa Mwishehe kwa shibiri nzima, nimepima mara mbili. Sasa nisikilize maajabu: mwaka wa nzige Mwishehe anasema ndiyo, maji yaliingia mpaka yakabeba mkeka. Mwanahalima wa chini yake anasema la, alikaa ndani kavu anakaanga karanga. Maji gani yanaruka mlango wa chini yakaingia wa juu? Nimewauliza tena kila mmoja peke yake, kila mmoja akaapa.

Kwa Mwishehe nimetoka na nundu. Nilijigonga kwenye boriti ya juu ya mlango, wake zake wawili wakanichekea, wakasema nyumba yao haipendi wageni warefu. Kwa Mwanahalima hujigongi, ila sakafu yake ina mashimo, ungeweza kuchezea bao.

Mama naye nimemuuliza kama ulivyotaka, nikasimama mlangoni na uzi wangu kama mgeni. Akasema, "La. Tangu niingie nyumba hii, la." Mlango wake uko juu kidogo ya ule wa Mwanahalima. Majibu yote nimeyaweka kwenye karatasi ya pili.

Mwanaasha


Kisarawe, 4 Oktoba 1938

Dada,

Shikamoo. Nimeyapanga.

Kwanza hiyo fujo ya katikati. Wakigombana majirani wawili, wa juu akasema ndiyo na wa chini akasema la, usimfukuze yeyote. Watie kapu moja, changanya masika zao, toa fungu moja la ndiyo kwa wote wawili. Ndivyo nilivyofanya, na ngazi ya hizo ndiyo ikakaa sawa, inashuka vizuri kutoka mtoni mpaka barabarani.

Ila hapo ndipo habari mbaya ilipo. Mama yuko juu ya Mwanahalima na chini ya Mwishehe, kwa hiyo yumo humohumo ndani ya kapu. Kwa kapu hilo, mlango wa kimo chake unaingiwa karibu masika moja katika sita. Yeye anasema haujaingiwa hata mara moja. Dada, nitaamini nini, mtaa au mama?

Nami nitasema wazi. Mwanahalima ni rafiki wa mama. Wanachota maji pamoja, wanasali pamoja. Huyo anaweza kusema la kwa ajili ya mama. Wala sikusingizii wewe, lakini ni wewe uliyeshika uzi, na unataka abaki.

Lori nimeshaliomba.

Zahoro


Mlandizi, 15 Oktoba 1938

Zahoro,

Marahaba, ingawa ulinikasirisha hata nikataka kuila salamu yako. Umenisingizia, kisha ukasema hukunisingizia. Sasa soma mpaka mwisho, maana mwisho hautanifaa mimi.

Huu ni mwezi wa Shaabani, unajua wanawake wanavyofanya. Kila nyumba inasiribwa sakafu upya kwa udongo ili Ramadhani iikute safi. Nilikwenda kwa Mwishehe kuwasaidia wake zake kuponda udongo wa kichuguu. Mwishehe akapita mlangoni ameinama, akatania kwamba alipoijenga nyumba hii aliingia amenyooka na kofia kichwani, na tangu aoe mke wa pili anazidi kurefuka. Wote tukacheka. Kisha mimi nikaacha kucheka. Nikashika nundu yangu.

Mtu mzima harefuki, Zahoro. Ni sakafu iliyopanda. Kila Shaabani unene wa kidole, wanawake wawili wasafi, na kizingiti kinanyanyuliwa kufuata sakafu. Mwanahalima hana wa kumsaidia, sakafu yake ni ileile aliyoachiwa na mumewe. Nikaomba ruhusa, nikachimba pembeni kwa tindo ya Mbaraka. Udongo umekaa tabaka juu ya tabaka, mwekundu. Nikashuka mpaka nikakuta utepe wa mchanga wa kijivu, mchanga wa mto, umebanwa katikati. Ndio mwaka wa nzige. Kwa kimo hicho, mlango wa Mwishehe wakati ule ulikuwa chini ya ule wa Mwanahalima. Hakuna aliyedanganya. Uongo ulikuwa wa uzi wangu: nilipima mlango wa leo nikauuliza habari za zamani.

Nikazunguka tena mtaa wote, safari hii na tindo. Ndiyo za zamani zote zimeshuka, maana milango ilikuwa chini. Mto haupandi kama ulivyoona kwenye ngazi yako. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikasema mama habanduki.

Ikabaki sakafu yake. Alikuwa amesimama palepale pembeni nilipotaka kuchimba, ufagio mkononi. Akasema, "Kwangu usichimbe. Nimeshakujibu." Nikamwambia wote wamechimbiwa. Akanitazama, halafu akasogea.

Nilishuka mpaka karibu shibiri mbili. Chini kabisa pana mchanga wa mto, mnene, na gamba la konokono ndani yake.

Mama akakaa chini. Haya ndiyo maneno yake, sikuongeza:

"Ndiyo. Mara moja. Zahoro alikuwa hajaweza kukaa. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako Kibuta, baba yenu kwenye kazi ya reli. Yaliingia asubuhi, yakanifika magotini. Nikamweka mtoto uchagani, juu ya mafiga, nikasimama nimemshika mpaka yakatoka. Kabla baba yenu hajarudi nilishasiriba nyumba nzima. Angetuhamishia kwao. Nikamwambia la, nikaendelea na la hiyo mpaka ikawa yangu."

Akaniomba nisikuandikie. Nikamwambia nitaandika. Tangu jana hasemi nami, ananisogezea chakula tu. Lakini nikiificha ndiyo moja ya mama, la za mtaa mzima nitaziamini kwa uso gani? Sasa unayo. Fanya utakavyo.

Mwanaasha


Kisarawe, 5 Novemba 1938

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Naandika nimefunga.

Maisha yangu yote nimeuogopa mto huo bila kujua kwa nini. Nikidhani ni woga tu, nikiuonea aibu mbele ya walimu wenzangu. Kumbe nilikuwa uchagani.

Nimekaa na karatasi zako siku kadhaa kabla ya kujibu, kwa sababu jibu la kwanza lililonijia lilikuwa lori. Halafu nikahesabu. Umesema mchanga uko karibu shibiri mbili chini ya sakafu ya leo. Mama anasema yalimfika magotini. Goti la mama ni shibiri mbili, nimelikalia utotoni nalijua. Basi sakafu yake ya leo iko palepale goti lake lilipokuwa siku ile. Amepanda kidole kwa kidole, kila Shaabani, mpaka akayafikia maji yenyewe, wala hakumwambia mtu. Katika milango yote uliyonipa, hayo ndiyo maji makubwa kuliko yote.

Lakini mto haujatuahidi kwamba mkubwa tuliousikia ndio mkubwa wake. Kwa hiyo nasema hivi. Baada ya Idd mpandishe sakafu ya mama shibiri moja juu ya hapo, na boriti ya mlango ipandishwe asije akaingia anatambaa. Wa milango ya chini uwaambie ngazi inasemaje, wajue mapema watakimbilia mlango gani. Lori nimeliahirisha. Ila maji yakivuka hicho kizingiti kipya, hata kwa upana wa kidole, mama anahamia Kisarawe, na safari hiyo sitaandika barua, nitakuja. Mwambie. Nataka akubali kwa mdomo wake.

Zahoro


Mlandizi, 11 Desemba 1938

Zahoro,

Marahaba. Udongo tumebeba wanawake wa mtaa mzima, Mwishehe amepandisha boriti. Mwanahalima alisimamia kazi akiwa amekaa, na alitukosoa kuliko fundi yeyote. Mama amerudi kusema nami. Nilimsomea masharti yako mara mbili. Akasema, "Nimekubali," akaomba maji ya kunawa udongo mikononi.

Mwanaasha


Kisarawe, 19 Aprili 1939

Dada,

Barabara imekatika, na reli watu wanasema hivyohivyo. Matano hajapita wiki mbili. Hapa wanasema Ruvu umekuwa bahari. Nampa barua hii askari anayejaribu kuvuka kwa miguu. Salamu zimenishinda. Niambie tu mko hai. Kisha unijibu lile moja. Ndiyo au la.

Zahoro


Mlandizi, 4 Mei 1939

Zahoro mwanangu,

Anayeandika ni dada yako, anayesema ni mimi mama yako, Biubwa.

Tuko hai sote. Watu wa milango ya chini walishahamia nyumba za barabarani tangu mvua ya tatu, kwa sababu dada yako aliwapigia kelele na wao wameshazoea kumsikiliza. Nyumba ya Mwanahalima imeanguka. Mwenyewe hakuwemo, yuko kwangu, anakoroma.

Sasa lile uliloliuliza. Ndiyo. Yaliingia. Yalivuka kizingiti kile kipya yakafika kwenye vifundo vya miguu. Yalikaa tangu asubuhi mpaka alasiri, kisha yakarudi kwao. Nyumba imesimama. Nilikaa kitandani nimekunja miguu, nikawa nautazama mlango.

Dada yako kalamu yake imesita hapa. Alitaka niseme yaligusa tu. Nimemkataza. Andika ndiyo, nimemwambia, andika kwa herufi kubwa kama unazo.

Masharti yako nayakumbuka, nilikubali kwa mdomo wangu. Barabara ilikuwa imekatika, ungeamini lolote nitakalosema. Baba yako aliamini. Lakini yeye hakuwa na hesabu, alikuwa na neno langu tu, nami nililitumia. Wewe umekaa na karatasi zako unataka kujua mto ukoje, na mimi siwezi kukuacha ujenge hesabu hiyo juu ya uongo wangu. Nilikushika siku ile mpaka mikono ikafa ganzi. Sikukushika ili nije nikudanganye ukiwa mtu mzima.

Kutoka hapa sitaki. Nimelisema hilo mara nyingi na nalisema tena, nikiwa nimesimama. Lakini neno ni neno. Ukija na lori utanikuta nasiriba, na nitapanda.

Mama yako,
Biubwa binti Salehe


Kisarawe, 12 Mei 1939

Mama,

Shikamoo.

Ndiyo yako nimeiandika mahali pake. Nilipoiandika nililia, mwalimu mzima, watoto wakaniona.

Lori nimelikataa leo asubuhi. Nilidhani nauogopa mto, mama, kumbe nilichokuwa siwezi kukivumilia ni kutojua. Kila nilipokuuliza ulisema la, masika nzuri la, masika mbaya la, nami nikawa sina la ya kuishika. Sasa umenipa ndiyo ambayo ingekutoa nyumbani kwako. Kwa hiyo mwakani ukiniandikia la, nitaiamini, na mvua ikinyesha nitakula chakula changu.

Masharti niliyaweka mimi, nami ninayavunja. Shule ikifungwa nakuja. Kichuguu cha nyuma ya nyumba msikiguse mpaka nifike, na Mwanahalima aandaliwe kigoda cha kusimamia kazi. Safari hii tunapandisha shibiri tatu. Naja na jembe langu mwenyewe.

Mwanao,
Zahoro